Namna ya Kupoteza Magoli kwa Mistari Miwili, na Kuyaokoa kwa Mitatu

Andaa karatasi, kalamu na uchungu wa shabiki aliyedhulumiwa goli. Kompyuta utaiwasha baadaye. Kazi yenyewe ni hii: mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, imekwisha uwanjani Kwa Mkapa, Simba kashinda 3 kwa 1, lakini aliyeingiza matokeo kwenye programu alikuwa na haraka, akachanganya majina. Ndani ya kompyuta Simba ana 1 na Yanga ana 3. (Mashabiki wa Yanga, msininunie. Mechi hii imechezwa kwenye karatasi hii tu, na mkitaka geuzeni majina. Hesabu itabaki ileile.) Unatakiwa uandike mistari michache itakayozifanya thamani hizo mbili zibadilishane nafasi: iliyoko kwa Yanga ije kwa Simba, na iliyoko kwa Simba iende kwa Yanga.

Kila anayejifunza kuandika programu hupitishwa hapa katika siku zake za mwanzo, na wengi hupitishwa mbiombio. Mwalimu anaandika mistari mitatu ubaoni, darasa linanakili, mada inayofuata inaanza. Naona hiyo ni dhuluma kwa mwanafunzi. Ndani ya mistari hiyo mitatu mna jambo ambalo asipolishika leo, litamsumbua katika kila programu atakayoandika mwaka huu, na hatajua kinachomsumbua ni nini. Kwa hiyo mwongozo huu utakwenda polepole, tena unaanza kwa amri ambayo walimu wengi hawathubutu kuitoa.

Kosea. Kosea kwa makusudi na kwa hati nzuri. Andika kile ambacho akili inakutuma kuandika kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti:

simba = 1
yanga = 3
simba = yanga
yanga = simba

Mistari miwili ya juu ni matokeo yalivyoingizwa, na miwili ya chini ni jaribio la kuyasahihisha. Ukiisoma kwa sauti inapendeza: Simba achukue ya Yanga, Yanga achukue ya Simba, kila mtu arudi nyumbani. Sasa iendeshe programu. Matokeo ni 3 kwa 3. Sare! Uwanjani yalifungwa magoli manne, kompyuta inahesabu sita. Rudi juu, geuza mpangilio wa mistari miwili ya mwisho, utangulize yanga = simba. Safari hii unapata 1 kwa 1, na magoli mawili yametoweka bila refa kupuliza filimbi.

Usikimbilie dawa. Ukae na sare hizo mbili kwa muda. Mistari ni ileile, maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni nani katangulia, na matokeo yamekuwa mbalimbali kabisa. Anayeona hapo ajabu kubwa ameanza kuelewa kompyuta. Anayesema "aah, nimekosea tu" na kufuta, hajaanza.

Simba na yanga katika programu yetu ni vigeu. Kigeu ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyopewa jina. Sehemu hiyo hushika thamani moja kwa wakati mmoja. Ukiandika simba = yanga, unaiamuru kompyuta isome thamani iliyomo ndani ya yanga na kuandika nakala yake ndani ya simba. Ile 1 iliyokuwamo haikusogezwa pembeni, wala haikwenda mahali pa kusubiri. 3 imeandikwa juu yake, basi. Unapofika mstari wa pili na kusema yanga = simba, kompyuta inachungulia ndani ya simba na kukuta 3, kwa sababu ndiyo iliyomo sasa, na inaiandika kwa utii mkubwa ndani ya yanga ambamo tayari mlikuwa na 3. Haikumbuki kwamba dakika iliyopita palikuwa na 1. Hakuna mtu mle ndani anayekumbuka.

Mwanafunzi anayeangukia hapa si mzembe. Ametumia kwa uaminifu alichofundishwa kwenye kipindi cha hisabati. Alama ya usawa tunayoitumia ililetwa na Robert Recorde, mtu wa Wales, katika kitabu alichokichapisha 1557, na tangu hapo mtoto wa shule anaambiwa kwamba pande zake mbili ni sawa leo, kesho na keshokutwa. Katika hisabati, simba = yanga na yanga = simba ni kauli moja. Kisha ikaja Fortran, lugha ya kompyuta iliyotengenezwa na John Backus na wenzake wa IBM na kutolewa 1957, miaka 400 kamili baada ya Recorde, ikaichukua alama hiyohiyo na kuipa kazi nyingine: kuandika thamani ya upande wa kulia ndani ya jina lililo upande wa kushoto. C, Java na Python zimefuata njia hiyo. Walikuwapo waliojali zaidi. Pascal ya Niklaus Wirth, iliyotoka 1970, iliandika := kama ilivyokuwa katika Algol, ili mtu asidhani anasoma mlinganyo. Nadhani Wirth alikuwa sahihi, na wanafunzi wa leo wangeokolewa machozi mengi kama walioshinda wangekuwa hao. Hawakushinda. Kwa hiyo jifunze kuisoma alama hiyo kwa kitenzi. Ukiona simba = yanga, sema moyoni "simba, pokea nakala ya iliyomo kwenye yanga". Sema hivyo hata kama jirani yako anakucheka.

Sasa ile karatasi. Chora jedwali lenye safu moja kwa kila kigeu, na mstari mmoja kwa kila amri. Kila amri ikitekelezwa, andika upya thamani za vigeu vyote, hata ambavyo havikuguswa. Kwa programu yetu mbovu, mstari wa kwanza wa jedwali unasema simba 1, yanga 3. Baada ya simba = yanga, unasema simba 3, yanga 3. Simamisha kalamu hapo. Tafuta 1 mahali popote kwenye mstari huo. Haipo. Ukiisha kuiona hiyo nafasi ambamo 1 ilipaswa kuwamo, hutahitaji mtu akuelezee kwa nini mstari wa mwisho hauwezi kuiokoa. Hakuna amri duniani inayoweza kunakili kisichokuwapo. Jedwali hili ndilo jambo lenye manufaa kuliko yote ninayoweza kukupa hapa. Watu wenye uzoefu wa miaka hulichora bado, wengine kichwani, wengine nyuma ya bahasha.

Pengine ulifundishwa kwa vikombe: kimoja cha chai, kingine cha maziwa, na cha tatu kitupu cha kumiminia kwa muda. Naomba mwalimu wako anisamehe, lakini mfano huo unapotosha mahali penyewe pa kuelewa. Ukimimina kutoka kikombe kimoja, kinabaki kitupu. Kompyuta inanakili, na yanga inabaki na 3 yake kama ilivyokuwa. Ukimimina kwenye kikombe kilichojaa, vinywaji vinachanganyika au vinamwagika na unaona umekosea. Kompyuta inafuta cha zamani bila alama, bila unyevu mezani. Nimeona wanafunzi wanaojibu vizuri swali la vikombe kisha wanaamini kwamba kigeu "kilichohamishwa" sasa ni kitupu. Jedwali halimfundishi mtu hivyo.

Dawa yenyewe ni fupi. Kabla ya kuandika juu ya thamani unayoitaka, ifanyie nakala mahali pengine:

akiba = simba
simba = yanga
yanga = akiba

Ifuatilie kwenye jedwali, ambalo sasa lina safu tatu. Akiba inapata 1. Simba inapata 3. Yanga inapata 1 kutoka kwenye akiba. Simba 3, Yanga 1, na mashabiki wa upande mmoja wanaweza kwenda kulala. Ukitaka kuhakikisha kwamba hujachanganya mpangilio, angalia jinsi majina yanavyoshikana: jina la kulia katika mstari mmoja ndilo la kushoto katika mstari unaofuata, na jina lililofungua upande wa kushoto ndilo linalofunga upande wa kulia. Simba, simba, yanga, yanga, akiba mwanzo na akiba mwisho. Mnyororo ukikatika popote, kuna thamani inayokwenda kupotea.

Kuhusu jina la hicho kigeu cha tatu, nina msimamo. Vitabu vingi hukiita temp, na wengine hukiita t au x. Mwanzoni kipe jina linalosema kazi yake. Akiba linafaa, kwa sababu linakukumbusha kwamba ndani yake kuna kitu ambacho kingepotea.

Hapo ndipo rafiki yako anayejua Python atakapokusogelea na kuandika mstari mmoja:

simba, yanga = yanga, simba

Atautazama uso wako akisubiri mshangao. Mpe mshangao huo, anastahili. Mstari ni mzuri kweli, na mimi mwenyewe nikiandika Python huandika hivyo. Kisha muulize unafanyaje kazi. Asipojua, mweleze wewe: Python kwanza husoma thamani zote mbili za upande wa kulia na kuzishika, halafu ndipo huanza kuandika upande wa kushoto. Thamani ya zamani ya simba imewekwa akiba, ila anayeiweka ni Python mwenyewe, pasipo jina la kuiita. Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 1991 na Guido van Rossum, siyo peke yake. Ruby na Go zina mtindo huo, na JavaScript ilipata namna yake ya kufanya hivyo 2015. Ninachoomba ni kwamba mstari huu usiwe wa kwanza kufundishwa. Anayeupata kabla ya kupoteza magoli yake kwa mikono yake ataona kompyuta inatenda mambo kwa mpigo mmoja, na siku atakapohitaji kujua kipi kinatangulia, hatakuwa na pa kushika.

Kuna na kundi la pili la marafiki, wanaopenda maswali ya usaili. Hao watakuambia kwamba kigeu cha tatu ni ubadhirifu, na watakuonyesha hii:

simba = simba + yanga
yanga = simba - yanga
simba = simba - yanga

Ifuatilie kwa kalamu. Simba inakuwa 4, yanga inakuwa 4 toa 3, yaani 1, na simba inakuwa 4 toa 1, yaani 3. Imefanya kazi! Furahi, kwa maana ni hesabu nzuri: jumla inabeba habari za namba zote mbili, na ukiwa na jumla pamoja na mojawapo, unaipata nyingine. Kisha jaribu kuivunja. Katika Python, ipe simba thamani ya 1e16, yaani 1 ikifuatiwa na sifuri 16 na kuhifadhiwa kama namba ya desimali, na yanga uipe 1.0. Mwishoni yanga inapata 1e16 kama ulivyotaka, lakini simba inapata 0. Ile 1 imekufa njiani, kwa sababu namba za desimali katika kompyuta zina nafasi ya tarakimu zipatazo 15 au 16 tu za uhakika, na 1 ikijumlishwa na namba kubwa kiasi hicho haionekani kabisa. Katika lugha ya C balaa ni la aina nyingine: namba kamili ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1) yenye alama ya chanya au hasi haipiti 2,147,483,647, na jumla ikivuka hapo, kanuni za lugha hiyo haziahidi chochote kuhusu kitakachotokea.

Wataalamu zaidi watakuletea XOR, operesheni inayolinganisha biti za namba mbili na kutoa 1 pale tu zinapotofautiana. Magoli yetu kwa biti ni 01 na 11. XOR ya hizo ni 10. Hiyo ukiilinganisha na 11 unapata 01. Na 10 ukiilinganisha na 01 unapata 11. Thamani zimebadilishana bila kujumlisha chochote, kwa hiyo hakuna kuvuka kikomo. Ninakiri ni kitu cha kupendeza na ninakushauri ukifanye mara moja kwa mkono ili uzione biti zikicheza. Usikiweke kwenye programu ya kazi. Kina mtego mmoja mbaya sana, ambao ule wa kujumlisha na kutoa unao pia: ukikiambia kibadilishe mahali na mahali hapohapo, namba inalinganishwa na nafsi yake na kuwa sifuri. Unaweza kudhani hakuna mtu atakayefanya hivyo. Atafanya. Njia inayojulikana zaidi ya kuchanganya orodha kwa bahati nasibu, iliyoasisiwa na Ronald Fisher na Frank Yates 1938 na kupewa sura yake ya kikompyuta na Richard Durstenfeld 1964, inaruhusu kitu kubadilishana nafasi na chenyewe, na ni lazima iruhusu ili kila mpangilio uwe na nafasi sawa ya kutokea. Changanya namba za jezi za wapiga penalti kwa njia hiyo ukitumia XOR, na wachezaji wataanza kuvaa jezi namba 0. Kwa mistari mitatu ya akiba, kubadilishana na nafsi yako hakudhuru kitu.

Na ubadhirifu je? Namba kamili ya biti 32 inachukua baiti 4. Simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ingeweza kuhifadhi zaidi ya bilioni moja ya namba kama hizo. Tena kompaila nzuri inapotafsiri programu yako, mara nyingi akiba haiwekwi kwenye kumbukumbu kabisa, hukaa ndani ya rejista za prosesa, mahali pa haraka kuliko pote. Anayekuambia umefuja, umwombe akuonyeshe alichookoa.

Ukiisha kuzoea, utatamani kuandika fanksheni moja, uiite badili, ili usirudie mistari hiyo kila mara. Jiandae kuumia tena. Katika C, lugha iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, fanksheni hupewa nakala za thamani unazoipelekea. Badili yako itazibadilisha nakala hizo kwa ustadi wote, itamaliza kazi, nakala zitatupwa, na huku nje Simba bado ana 1. Itabidi uipe anwani za vigeu, yaani mahali vilipo katika kumbukumbu, ili ikaandike hukohuko. Java nayo hupeleka nakala, na haikupi anwani za vigeu vya namba, kwa hiyo fanksheni ya namna hiyo kwa namba mbili za kawaida haiandikiki. Wengi hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa ndani ya mistari yao mitatu, nayo haina kosa. Chora jedwali: safu za vigeu vya nje upande mmoja, safu za nakala upande mwingine. Kosa linaonekana lenyewe.

Na haya yote yana faida gani? Fikiria msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, timu 16. Kuipanga orodha hiyo kwa pointi kwa njia rahisi kabisa, ya kulinganisha timu mbili zinazofuatana na kuzibadilisha kama zimekaa vibaya, kunaweza kuhitaji hadi mabadilishano 120, ikiwa orodha imeanza kichwa chini miguu juu. Kila moja kati ya hayo 120 ni ile mistari mitatu. Njia za kasi zaidi, kama Quicksort ambayo Tony Hoare aliichapisha 1961, nazo husukumwa na kubadilishana. Hapo kwenye ligi kuna kosa ninalotaka ulikumbuke siku utakapolifanya: ukiwa na orodha moja ya majina na nyingine ya pointi, ukabadilisha pointi na kusahau majina, utapata msimamo uliopangwa vizuri sana ambamo kila timu imebeba pointi za mwenzake. Programu haitalalamika. Namba zote zipo, jumla ni sahihi, hakuna kilichopotea, na bado ni uongo kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya mkiani. Jina, pointi na magoli ya timu visafiri pamoja, au visisafiri.

Walimu wenzangu, tengeni kipindi kizima kwa ajili ya mistari hii, na nusu yake ya kwanza kompyuta zizimwe. Waacheni wapate ile sare ya 3 kwa 3 na waikasirikie wenyewe kabla hamjaandika neno akiba ubaoni.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kulala leo chukua timu tatu, Simba, Yanga na Azam, uzizungushe: thamani ya Yanga iende Simba, ya Azam iende Yanga, ya Simba iende Azam. Tumia karatasi na jedwali, usiwashe kitu. Akiba moja inatosha, na mistari ni minne.